Muulize Mjomba: Video za mtandaoni kwenye pazia la kijijini

Wapwa zangu, barua za mwezi huu zimejaa mapazia. Kuanzia Kitunda hadi Tandahimba, kila anayeandika anataka kukusanya watu usiku awaonyeshe video alizozikuta mtandaoni, zile za vijana wanaojitengenezea wenyewe kwa simu na kamera ndogo. Nimefurahi mno. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kosa ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulifanya.

SWALI: Mjomba, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi kijijini wilayani Tandahimba. Hela ya korosho za msimu uliopita nimenunulia projekta. Nataka kuanzisha usiku wa video hapa kijijini. Sitaki filamu za ngumi, nataka zile video ambazo vijana wa kusini wanazitengeneza wenyewe na kuziweka YouTube: za shamba, za ngoma, vichekesho, hata hadithi fupi. Nimeshapakua kama arobaini. Rafiki yangu anasema kitu kikishawekwa mtandaoni ni cha wote, nianze tu. Baba mdogo anasema nitaishia polisi. Nani ana haki?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Baba mdogo ndiye aliye karibu na ukweli, ila polisi si jambo la kwanza la kuogopa.

Nilifungua kibanda cha video Chikongola, hapa Mtwara mjini, mwaka 1998. Deki moja, televisheni moja, mabenchi manne ya mbao za mwembe. Daraja la Mkapa la Mto Rufiji lilikuwa bado, lilikuja kufunguliwa 2003, na masika ya wakati ule basi la kutoka Dar es Salaam liliweza kulala njiani siku kadhaa, mara linasubiri kivuko cha Ndundu, mara linanasuliwa kwenye tope. Kanda ikifika salama ilikuwa sherehe. Nani angeuliza ni ya nani? Tuliziba madirisha kwa magunia, tukakusanya kiingilio, tukaonyesha. Mtandao ulipokuja nikaingia nao kwa mazoea yaleyale.

Mwaka 2016 nilikuta video ya dakika kumi na moja. Kina mama wa Mikindani wanatanda uduvi kwa shuka, maji yako magotini, na bibi mmoja amekaa mchangani anawaelekeza huku akiwatania. Imepigwa kwa simu, haina muziki, unasikia maji na sauti ya yule bibi basi. Niliipenda sana. Nikaipakua, nikaipachika katikati ya filamu mbili ili watu wapumzike. Waliingia watu thelathini, shilingi 200 kila mmoja. Wanaume wakacheka vile bibi alivyokuwa akitania, wakatoka nje wanamwigiza.

Kesho yake alasiri binti mmoja akaja, akasimama mlangoni. Hakuingia. Akaniuliza, “Mjomba, ni wewe uliyemwonyesha bibi yangu?” Video ilikuwa yake. Yule bibi alikuwa ameshafariki, na arobaini yake ilikuwa haijafika. Asubuhi ile mama wa binti alikuwa sokoni, akasikia vijana wanaigiza sauti ya mama yake mzazi, akakaa chini palepale penye mafungu ya samaki. Binti hakudai ile elfu sita. Alisema aliiweka mtandaoni ili ndugu zao walioko Dar es Salaam na Unguja wamwone bibi, na kwamba ningempigia simu angenieleza kuwa wana msiba. Namba yake ilikuwa imeandikwa chini ya video. Nilikuwa nimeiona.

Nilikwenda Mikindani na mke wangu, tukatoa pole, tukakaa jamvini. Miezi kadhaa baadaye familia wenyewe wakaniita: njoo na projekta yako, tumwone uani kwetu. Nikafunga shuka kati ya mnazi na ukuta wa mawe ya matumbawe. Wadogo zake bibi walinisimamisha mara nne. Walitaja jina la kila mwanamke aliyekuwa majini, wakabishana lilikuwa bamvua la mwezi gani, wakasahihisha neno moja ambalo binti alilikosea kwenye maandishi ya chini. Binti aliandika kila kitu daftarini, na baadaye akairekebisha video yake. Dakika kumi na moja tulizitazama kwa saa mbili. Tangu usiku ule sijaonyesha video ya mtu ambaye sijasikia sauti yake.

Sasa rafiki yako umjibu hivi. Mtu akianika makopa kando ya barabara, kila mpita njia anayaona, na hakuna anayedhani amegaiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inamwachia mtengenezaji uamuzi wa kazi yake kuonyeshwa mbele ya hadhara, na uamuzi huo haumtoki kwa sababu kila mwenye bando anaweza kuitazama. YouTube nao katika masharti yao wameandika kwamba huduma ni ya mtu kutazama kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na jambo la kuonyesha video hadharani wamelitaja waziwazi miongoni mwa yasiyoruhusiwa. Kwa hiyo usimwombe mtu ruhusa ya kupakua. Mwombe faili lenyewe, litoke mkononi mwake lije mkononi mwako.

Ukifanya hivyo unapata na picha nzuri zaidi. Ile uliyoipakua imeshabanwa, na kwenye pazia la mita tatu nyuso zitakuwa vibonge vya rangi. Akitumia WhatsApp, mwambie aitume kama dokumenti, maana tangu 2022 inapokea faili hadi GB 2. Akiituma kama video ya kawaida inabanwa tena. Na kama mtandao wenu ni wa kusuasua, flashi iliyofungwa kwenye bahasha na kupewa kondakta wa basi la Newala inafika siku hiyohiyo.

Ujumbe wa kuomba usiuogope. Mimi huandika: “Dada, mimi ni fulani, wa kijiji fulani. Nimeitazama video yako ya mama anayebangua korosho. Naomba kuionyesha kijijini kwetu Jumamosi tarehe fulani, uwanja wa ofisi ya kijiji, watu kama mia. Hakuna kiingilio. Nitataja jina lako kabla na baada. Kuna jambo lolote ungependa tulijue kabla ya kuionyesha?” Swali hilo la mwisho usilisahau kamwe. Ndilo lingeniokoa mimi mwaka 2016. Wengi watajibu siku hiyohiyo, na wengine watalia kwa furaha. Kijana aliyezoea kuhesabu watazamaji 63 hajawahi kufikiria watu mia wamekaa pamoja wanaitazama kazi yake.

Asiyejibu, usionyeshe ya kwake. Kimya si ruhusa. Katika arobaini zako ukipata sita zenye majibu, unao usiku mzima. Chukua tano, jumla isizidi dakika hamsini, muda unaobaki uwaachie watu waseme.

Vibali: anza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha nenda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Filamu inayoonyeshwa kwa umma iko chini ya Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na Afisa Utamaduni ndiye atakayekuelekeza karatasi zipi zinahitajika. Nenda na orodha: jina la video, mtengenezaji, dakika, inahusu nini, umri gani waitazame, na ujumbe wa ruhusa uliouchapisha. Nimeona maofisa wanavyobadilika sura wakikuta kijana amekuja na ruhusa za wenye kazi mkononi.

Jambo la mwisho kwako. Umesema una video za ngoma. Zipitie moja moja mpaka dakika ya mwisho kabla hujamwonyesha mtu yeyote. Ikiwa ndani yake mna kitu cha unyagoni au cha jandoni, iweke pembeni hata kama mwenye video amekubali. Mambo yale yana watu wake na mahali pake, na uwanjani mtakaa mama, mkwe na watoto kwenye mkeka mmoja. Ukiwa na shaka, muulize kungwi au ngariba, usimuulize kijana mwenzio.

SWALI: Mjomba, shikamoo. Mimi ni binti wa Newala, natengeneza video za mafundi: wachonga vinyago, wasuka mikeka, mama wa kubangua korosho. Nataka zionyeshwe popote watu watakapopenda, shuleni, misikitini, kwenye vikundi vya kina mama. Lakini kila mtu akinipigia simu nitashindwa, na naogopa mwingine azikate aweke matangazo yake. Kuna namna ya kuruhusu mara moja tu?
Binti wa Newala

JIBU: Marahaba, mama. Namna ipo, na waliiandaa watu wa Creative Commons, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001. Leseni zao za kwanza zilitoka Desemba 2002, na toleo linalotumika sasa ni la 4.0, la mwaka 2013. Unaiwekea kazi yako alama inayosema kabla mtu hajauliza: chukua, onyesha, gawa, kwa masharti haya. Sharti la kutaja jina lako limo katika leseni zote sita. Juu yake unaweza kuongeza la kutofanyia biashara, la kutobadili, au la kwamba anayebadili naye atoe kazi yake kwa masharti yaleyale.

Kabla hujabonyeza kitufe, nisikilize kwa makini. Leseni ukishaitoa huwezi kumnyang’anya aliyekwisha kuipokea. Hilo la kwanza. La pili, YouTube wana alama ya Creative Commons unapopandisha video, ila ni ya aina moja tu, ile ya kutaja jina. Ukiichagua umeruhusu pia biashara, na umeruhusu kukatwa. Wewe umesema unaogopa matangazo, kwa hiyo usiichague. Acha leseni ya kawaida ya YouTube ibaki, halafu kwenye maelezo chini ya video andika kwa Kiswahili chepesi unachoruhusu: ionyeshwe bure popote, isikatwe, jina langu na la fundi yatajwe, atakayeionyesha aniandikie ni wapi na watu wangapi. Weka na mahali pa kupatia faili zuri.

La kutobadili mimi silipendi, nitakueleza kwa nini kwenye barua ya mwalimu hapo chini. Kwa kifupi linagusa tafsiri pia, na video zako zitahitaji wakalimani.

Halafu kuna muziki. Ukiweka nyuma wimbo wa Bongo Fleva wa msanii mwingine, ruhusa yako haiufikii wimbo huo. Anayeonyesha video yako atakuwa anaupiga hadharani, na hapo anaingia mwenye wimbo pamoja na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Wewe una nyundo na tezo za wachonga vinyago, una mikono inayosuka ukili. Acha hizo zisikike. Au mtafute mpiga zeze wa hapo Newala, muandikiane karatasi.

Na mafundi wenyewe, mama, wanajua? Mzee aliyekubali kupigwa picha akichonga pengine alidhani ni kwa ajili ya simu yako. Rudi kwake, mwambie kwamba watu wa Masasi na wa Lindi watamwona, umuulize tena. Anayekataa ana haki yake.

SWALI: Mjomba, tuko Msimbati, kikundi cha vijana wanane. Tulijaribu kuonyesha video ufukweni mwezi wa saba. Shuka lilipeperuka kama tanga, picha ikawa inacheza, jenereta likanguruma kuliko spika, na katikati umeme wa jenereta ukazima projekta ikagoma kuwaka. Wazee wakatucheka wakaenda kulala. Tumekosea wapi?
Kikundi cha vijana, Msimbati

JIBU: Hamjambo wapwa zangu. Mmekosea mwezi na mmekosea kitambaa. Mengine ni madogo.

Mwezi wa saba ni kusi, na ufukwe wa Msimbati uko wazi kwa upepo. Ingieni ndani ya kijiji, nyuma ya ukuta mrefu au safu ya mikorosho iliyoshonana, mkilielekeza pazia ili upepo upite ubavuni mwake. Pazia lisifike chini. Acheni nafasi ya upepo kupita. Msilifunge kwa kamba kavu. Kateni vipande vya tyubu ya baiskeli, fungeni pembe zote na katikati ya kila upande. Tyubu inavutika upepo unapokuja na inarudi unapoondoka, na shuka linabaki limekaza. Upande wa chini pitisheni mti mrefu kwenye pindo, kisha muufunge kwenye matofali mawili.

Shuka la kulalia ni jepesi, mwanga wa projekta unapita hadi nyuma na picha inafifia. Nunueni merikani pana, ishonwe kwa mshono mmoja wa mlalo, si wa wima, maana mshono wa wima hupita katikati ya nyuso. Nyuma yake wekeni kaniki, kile kitambaa cheusi. Hapo hata projekta dhaifu inaonekana ina nguvu. Na kuhusu nguvu ya projekta: namba kubwa za lumeni, yaani kipimo cha mwanga, zilizochapwa kwenye maboksi ya projekta za bei nafuu msizitegemee. Tafuteni iliyoandikwa lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kanuni inayojulikana. Kwa pazia la upana wa mita tatu usiku, elfu tatu za ANSI zinatosha sana. Mkiwa na hiyo ndogo yenu, fanyeni pazia la mita moja na nusu na watu wakae karibu. Picha ndogo yenye kung’aa watu wataikubali.

Muda nao. Juni jua linazama kwetu mara tu baada ya saa kumi na mbili jioni, lakini Desemba linakaribia saa kumi na mbili na dakika arobaini, na giza la kweli linahitaji kama nusu saa tena. Kwa hiyo saa mbili usiku, watu wameshaswali Isha na wameshakula, ndio wakati wangu mwaka mzima. Ramadhani silazimishi. Na mbalamwezi msiikimbie. Watu wengi hudhani itaua picha. Projekta inaishinda bila shida, na bibi zenu wataona njia ya kurudi nyumbani.

Masika, kuanzia Desemba hadi Aprili, mimi hubaki mjini chini ya bati. Oktoba na Novemba watu wako korosho, wanachoka, lakini hela ipo na moyo upo. Onyesheni muda mfupi tu. Agosti na Septemba ndani ya kijiji ndiyo miezi ninayoipenda.

Jenereta liwekeni mbali, mita thelathini au zaidi, nyuma ya nyumba, upande ambao upepo unaipeleka sauti kwingine. Nunueni waya mrefu. Projekta, kompyuta na spika mbili za kawaida kwa pamoja hazifiki wati elfu moja, kwa hiyo jenereta dogo linatosha. Kati ya jenereta na projekta wekeni UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme usikatike ghafla. Projekta yenye taa ya kawaida inahitaji feni yake iendelee kuzunguka baada ya taa kuzimwa; umeme ukikatika ghafla taa inabaki na joto lake, na ndiyo sababu ya kwenu iligoma. Iacheni ipoe kabla ya kuiwasha tena, labda bado nzima.

Spika zipande juu ya vichwa vya waliokaa mbele, zielekezwe nyuma. Kabla watu hawajafika, mmoja wenu akae kwenye mkeka wa mwisho kabisa asikilize maneno. Asiposikia maneno yote, msianze.

Na faili: wekeni kila kitu katika MP4 ya H.264, aina ya faili la video ambayo hata vifaa vikongwe vinaisoma. Flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, mtadhani flashi imekufa. Video iliyopigwa simu ikiwa wima itachukua kama theluthi moja tu ya upana wa pazia, pande zote mbili giza. Zioneni zote kwenye ukuta siku moja kabla, ileile projekta, ileile kompyuta, ileile nyaya. Sisi wa vibandani tulikuwa na sheria hiyo hata enzi za kanda.

SWALI: Mheshimiwa Mjomba, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Nachingwea. Nimepata ruhusa ya video tatu za ufugaji nyuki, watengenezaji wamekubali kwa moyo mkunjufu, lakini mbili ni za Kiingereza. Nataka wazazi na watoto watazame pamoja. Niweke maandishi ya Kiswahili chini, au nifanyeje?
Mwalimu, Nachingwea

JIBU: Mwalimu wangu, habari za kazi. Maandishi wekea watoto, lakini usitegemee wazazi wayafuate. Kutoka mkeka wa nyuma hayasomeki, na mwenye kuwahi kuyasoma anakosa kuuona mzinga. Tafuta msimuliaji. Nchi hii imezoea kutafsiriwa filamu kwa mdomo. Vibandani mwetu mtafsiri ndiye aliyeleta watu, hata picha ikiwa mbovu. Mpate mfugaji nyuki wa hapohapo, mwenye maneno, akae na maiki kando ya pazia. Mtazame naye video mara tatu kabla. Yeye anajua kwamba ile wanayoiita kwa jina refu ni kitu ambacho nyinyi mna jina lake, na pale ambapo mzinga wa wenzetu haufanani na mzinga wa mti wa kwenu atawaambia watu palepale. Punguza sauti ya video anaposema, ipandishe nyuki wanapovuma.

Waandikie wenye video kwamba mtasimulia kwa Kiswahili. Hapa ndipo ile leseni ya kutobadili inapoleta shida, kwa sababu tafsiri nayo ni mabadiliko. Wakiwa wamekubali kwa barua, huna wasiwasi.

Nina sababu ya kulisisitiza jambo hili. Kati ya 1935 na 1937, Vugiri, kule Usambara mkoani Tanga, kulikuwa na mradi wa sinema za kuwaelimisha Waafrika. Walitengeneza filamu, wakazipakia kwenye lori pamoja na projekta, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Kazi ya kuchosha, na waliifanya kwa bidii. Lakini waliochagua nini kionyeshwe hawakuwa wale waliokaa chini kutazama. Wewe leo una nafasi ambayo lori lile halikuwa nayo: aliyetengeneza yupo kwenye simu yako, anasubiri. Wazazi wakiuliza swali kuhusu nyuki, lirekodi kwa sauti zao na umtumie usiku ule. Kama mtandao unakubali, mpigie palepale, sauti yake itoke kwenye spika. Nimefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili watu walikataa kwenda kulala.

Watoto wakae mbele, video yao iwe ya kwanza, ifike saa tatu waondoke na dada zao. Kama unahitaji cha kuwafungulia, Blender Foundation ya Amsterdam wana katuni inayoitwa Big Buck Bunny, ya mwaka 2008, kama dakika kumi, haina maneno hata moja, na leseni yake ni ile ya kutaja jina. Watoto wa Nachingwea watacheka palepale wanapocheka watoto wa Amsterdam. Jina la waliotengeneza lisome kwa sauti mbele ya watoto. Ni vizuri wajue mapema kwamba picha ina mtu nyuma yake.

SWALI: Mjomba, mimi niko Kitunda, ng’ambo ya Lindi mjini. Swali langu fupi: nitoze kiingilio au nisitoze? Petroli siyo ya bure.
Mvuvi kijana, Kitunda

JIBU: Usitoze mlangoni, mpwa wangu. Ukishaweka kiingilio umeweka na uzio, watoto watachungulia, utagombana nao usiku kucha, na wenye video waliokuruhusu kwa sharti la kutofanya biashara utakuwa umewavunjia neno. Mimi huweka kikapu karibu na mlingoti wa spika, na mwanzoni namtaja kwa jina aliyetoa petroli ya usiku huo, awe mwenye duka, awe nahodha. Kikapu kikizidi petroli, kinachobaki nagawa mara mbili: nusu kwa vijana walionisaidia kubeba, nusu kwa wenye video. Kwao naituma kwa simu usiku uleule kabla sijalala, hata ikiwa shilingi elfu mbili, pamoja na ujumbe: walikuja watu wangapi, walicheka wapi, na yule mzee wa mbele aliuliza nini.